Risiva zinachemka ndani ya begi, nifanyeje?

SWALI: Shikamoo fundi. Mimi ni kijana narekodi sauti lokesheni, nina risiva nne za maiki za wayalesi, yaani vile vifaa vinavyopokea sauti ya maiki hewani, nimezibananisha kwenye begi moja na miksa na betri. Tukishuti juani kama masaa mawili hivi zinachemka mpaka huwezi kuzishika, juzi moja ikajizima katikati ya teki, yaani kipande kinarekodiwa. Jamaa wameniambia niweke barafu kwenye begi. Ni sawa? Au risiva ndo mbovu?

JIBU: Marahaba mdogo wangu, na pole sana. Barafu usiweke kabisa! Chuma kikipoa ghafla kwenye hewa yenye unyevu kinatoa jasho, yale matone yakiingia kwenye plagi na saketi umeua kifaa chenyewe.

Ubovu sidhani. Risiva haitoi nguvu yoyote ya maana nje, ile sauti inayotoka kwenye waya ni umeme kiduchu mno, kwa hiyo karibu umeme wote inaokula unageuka joto. Piga hesabu, risiva inayokula ampea 0.3 kwenye volti 12 ni wati 3.6, ziwe nne unakaribia wati 14 na nusu, na hapo miksa bado hatujaigusa, halafu vyote umevifungia kwenye begi la kitambaa nene lenye sponji. Joto litokee wapi?

Nahisi iliyojizima ni mojawapo ya zile za katikati. Bodi ya chuma, yaani lile kasha la nje, ndo inayopozea risiva, sasa ukizigandisha ubavu kwa ubavu zile za katikati zinapokea joto la majirani na zenyewe hazina pa kulitupia. Ziachanishe, hata upana wa kidole unasaidia, au pachika kipande cha bati la alumini katikati kichomoze juu kidogo. Toa sponji isiyo na kazi. Zisimamishe wima na begi liwe wazi juu maana hewa moto inapanda, na zima ile ambayo maiki yake haijavaliwa na mtu.

Halafu kuna kava la mvua. Hili limenitesa mimi mwenyewe, mvua imekata zamani na jua limewaka, mimi nimesahau kulivua, kuja kuangalia skrini za risiva zimekuwa nyeusi tii hazisomeki. Mvua ikikata tu vua hapo hapo. Juani tumia mwavuli au kitambaa cheupe, ila kisilalie begi, kikae juu yake hewa ipite.

Angalia pia kitabu cha risiva yako, kama regyuleta yake, kile kipande cha ndani kinachoshusha volti, ni ile ya kizamani ya kuchoma volti za ziada basi kuilisha volti 16 wakati inaridhika na 10 ni kuongeza moto bure, za kisasa nyingi hazina shida hiyo. Feni ndogo sawa, ila iwashe kati ya teki na teki, ikinguruma karibu na maiki ya fimbo, ile inayoshikiliwa kwenye mti mrefu, utaisikia kwenye rekodi. Na betri za lithiamu zikitoka na moto usikimbilie kuchaji, subiri zipoe, nyingi hazitakiwi kuchajiwa zikiwa zimevuka nyuzi 45.

Anza na hiyo nafasi kati ya risiva. Ikijizima tena hata ikiwa peke yake kivulini, basi hapo ndo mpelekee fundi aifungue.