Salamu Bungeni Baada ya Christchurch

SWALI: Mheshimiwa Mhariri, hotuba ya Jacinda Ardern baada ya mashambulizi ya misikiti miwili ya Christchurch husifiwa mno. Je, ilikuwa na ufundi gani hasa, au ni huruma tu? – Msomaji, Tanga

JIBU: Huruma ilikuwepo, ndugu msomaji, lakini ufundi pia ulikuwepo, na ulianza na kiwakilishi. Siku yenyewe ya mauaji, tarehe 15 Machi 2019, Waziri Mkuu huyo wa New Zealand aliwazungumzia wahamiaji walioshambuliwa kwa kusema kuwa wao ni sisi, na kwa maneno hayo machache msiba wa Waislamu wachache ukawa msiba wa nchi nzima. Siku nne baadaye alifungua hotuba yake bungeni kwa “Assalaam alaikum”, akasimulia habari za mzee wa miaka 71 aliyemfungulia muuaji mlango wa msikiti na kumkaribisha kwa kumwita ndugu, kisha akatangaza kwamba jina la muuaji halitatoka kinywani mwake kamwe. Hapo ndipo ninapoona umahiri mkubwa zaidi, kwa kuwa mtu aliyeua ili atajwe alinyimwa kile alichokitafuta, huku majina ya marehemu yakipewa nafasi.

Hata hivyo, sidhani kama maneno hayo yangedumu bila kitendo: tarehe 10 Aprili, Bunge lilipitisha kwa kura 119 dhidi ya 1 sheria ya kupiga marufuku bunduki nyingi za aina ya kijeshi. Waliouawa walikuwa watu 51.