Usifunge fedha ya dharura katika mkataba wa miaka 20

Ndugu mleta mada, usitie saini mkataba huo. Umesema una umri wa miaka 34, una mtoto mmoja mdogo, una deni linalotozwa riba ya asilimia 24 kwa mwaka, na una akiba inayoweza kuitunza familia yako kwa miezi mitano. Umeuliza namna ya kupanga fedha katika kila hatua ya maisha hadi kustaafu, kama ununue nyumba au uendelee kupanga, na namna ya kuwasaidia wazazi wanaozeeka. Kisha, katika mstari wa mwisho, kama jambo la kupita tu, umetaja kwamba mshauri amekushawishi uitoe akiba hiyo yote ulipie michango ya kwanza ya bima ya maisha yenye akiba ndani yake, ya miaka 20, kwa kuwa fedha iliyolala benki haizai. Mstari huo ndio ulionifanya niandike, kwa sababu maneno hayo hayo niliambiwa mimi nikiwa na umri unaokaribiana na wako, nikayaamini, na yamenigharimu kuliko uamuzi mwingine wowote wa fedha niliowahi kuufanya.

Mkataba wangu ulikuwa na kurasa nyingi, lakini mshauri alinifungulia ukurasa mmoja tu, ule wenye jedwali la makadirio: upande wa kushoto miaka, upande wa kulia kiasi kitakachokuwa kimekusanyika, na chini kabisa, kwa herufi ndogo, sentensi iliyosema kwamba kiasi hicho hakina uhakika. Kiasi cha mwaka wa 20 alikizungushia duara kwa kalamu. Ukurasa ambao hakuufungua ulikuwa karibu na mwisho, nao ulionyesha kiasi ambacho ningerudishiwa iwapo ningevunja mkataba kabla ya muda wake. Mwaka wa kwanza ulikuwa na sifuri, mwaka wa pili ulikuwa na sifuri, na mwaka wa tatu ulionyesha kiasi kisichofikia theluthi moja ya michango yote ambayo ningekuwa nimekwisha kuilipa. Ukurasa huo niliusoma kwa mara ya kwanza siku niliyozihitaji fedha zangu.

Nilizihitaji kwa sababu kazi ilikatika katika mwaka wa tatu. Laiti akiba ya dharura ingekuwa bado iko benki, kipindi kile kingekuwa kigumu lakini kingepitika. Badala yake nilikuwa na njia mbili, zote mbaya: kuvunja mkataba na kupoteza zaidi ya theluthi mbili ya nilichokwisha kulipa, au kukopa ili nile na wakati huo huo niendelee kulipa michango mkataba usife. Mshauri, ambaye wakati huo bado alikuwa akipokea simu zangu, alinihimiza nisivunje, akisema kwamba atakayevumilia ndiye atakayefaidi. Nikakopa. Nilikopa kwa riba iliyozidi kwa mbali faida yoyote ambayo jedwali lile lilithubutu kukadiria, na baada ya miezi kadhaa nikashindwa kubeba deni na michango kwa pamoja, nikauvunja mkataba hata hivyo. Deni lilibaki muda mrefu baada ya bima kwisha.

Kwa nini kuna sifuri katika miaka ya mwanzo? Si kwa bahati mbaya. Katika mikataba mingi ya aina hii, sehemu kubwa ya michango ya mwanzo hutumika kulipa kamisheni ya aliyekuuzia na gharama za kuufungua mkataba, na kampuni huhakikisha inazirudisha gharama hizo kabla akiba yako haijaanza kuonekana. Mshauri hulipwa kwa kukutia saini. Akilipwa, kuishi kwako na mkataba huo kwa miaka 20 ni shida yako peke yako. Hilo ndilo linaloniuma hadi leo. Mtu yule alijua kwamba nina mtoto, alijua kwamba fedha zile ndizo pekee nilizonazo, kwa sababu aliniuliza na akayaandika majibu yangu katika fomu yake, na bado hakunifungulia ukurasa ule. Alinikumbusha kwamba akiba haiozi. Mtu anayejiita mshauri wa fedha huku akificha namna anavyolipwa ni muuzaji, na muuzaji husikilizwa kama muuzaji.

Sasa tazama hesabu yako mwenyewe. Kuna kanuni rahisi: gawanya 72 kwa kiwango cha riba, utapata takribani idadi ya miaka ambayo fedha huchukua kuongezeka maradufu. Deni la asilimia 24 usilolilipa huwa maradufu kwa miaka mitatu. Mkataba unaoahidi asilimia 6, hata ukitimiza ahadi yake yote, unahitaji miaka 12 kufanya hivyo. Ni nadra sana kupata uwekezaji wa halali unaoweza kukuhakikishia asilimia 24 kila mwaka, lakini kulilipa deni hilo kunakuokolea asilimia 24 kwa uhakika, bila kamisheni na bila kumtegemea mtu. Tena, kile kiasi kikubwa cha mwaka wa 20 kinachowavutia wengi hakitakuwa na nguvu ile ile ya kununua. Mfumuko wa bei ukiwa asilimia 6 kwa mwaka, bei baada ya miaka 20 zitakuwa zaidi ya mara tatu ya za leo, kwa hiyo kiasi hicho kitanunua chini ya theluthi moja ya unachokifikiria sasa.

Kanuni ninayoifuata tangu wakati ule ni moja, na ndiyo ninayokuomba uishike kabla ya mengine yote: kabla hujaiweka fedha mahali popote, jiulize itahitajika lini, kisha iweke mahali panapoweza kuirudisha yote kabla ya siku hiyo. Fedha ya dharura inaweza kuhitajika kesho, hivyo makao yake ni akaunti unayoweza kutoa wakati wowote, hata kama riba yake ni ndogo. Haikuwekwa pale ili izae. Iliwekwa ili usilazimike kukopa wala kuuza kitu kwa hasara. Ada ya shule ya miaka miwili ijayo ina tarehe inayojulikana, kwa hiyo haiendi kwenye hisa wala kwenye kiwanja ambacho mnunuzi wake anaweza kuchukua mwaka mzima kupatikana. Fedha ya uzeeni, ambayo hutaigusa kwa miaka 25 au 30, ndiyo peke yake yenye ruhusa ya kupanda na kushuka.

Kanuni hiyo hiyo ndiyo inayojibu swali lako la hatua za maisha, kwa maana umri wenyewe si kitu. Kinachobadilika ni umbali wa tarehe. Kati ya Oktoba 2007 na Machi 2009, S&P 500, kipimo cha bei za hisa za kampuni kubwa za Marekani, kilishuka kwa takribani asilimia 57. Kitu kilichoshuka kwa asilimia 57 hakirudi kilipokuwa kwa kupanda asilimia 57. Kinahitaji kupanda kwa zaidi ya asilimia 130, na kipimo hicho hakikurudi katika kilele chake cha 2007 hadi 2013. Kijana wa miaka 30 aliyeendelea kununua kidogo kidogo kipindi chote hicho alinunua kwa bei nafuu na hakudhurika. Aliyekuwa akistaafu 2009 na kuhitaji kula kutokana na hisa hizo aliuza kwa hasara isiyorudi tena. Na kuna masoko yaliyochelewa zaidi: kipimo cha Nikkei cha Japani kilifikia kilele Desemba 1989, na kilele hicho hakikupitwa hadi Februari 2024. Ndiyo maana, kadiri kustaafu kunavyokaribia, fedha ya matumizi ya miaka michache ya kwanza huhamishwa polepole na kuwekwa mahali patulivu, nayo iliyobaki huachwa iendelee kukua.

Kuhusu kumlinda mtoto wako, nakubaliana nawe kabisa kwamba unahitaji bima ya maisha, kwa kuwa yupo anayekutegemea. Tafuta bima tupu ya muda maalumu, isiyo na akiba ndani yake, itakayoilipa familia yako ukifariki ndani ya muda huo na isiyorudisha kitu ukiwa hai. Mchango wake huwa mdogo sana ukilinganishwa na wa bima yenye akiba kwa kiwango kile kile cha ulinzi. Tofauti inayobaki lipia deni kwanza, na deni likiisha iwekeze mwenyewe, ukiangalia makato ya anayekutunzia fedha hiyo. Fungu linalokua kwa asilimia 7 kwa miaka 30 hufikia takribani mara 7.6 ya lilivyoanza, lakini makato ya asilimia 2 kila mwaka yakiupunguza ukuaji huo hadi asilimia 5, hufikia mara 4.3 tu.

Mshauri wako akikupigia tena, mwombe akutumie ukurasa unaoonyesha utakachorudishiwa ukivunja mkataba katika mwaka wa kwanza, wa pili na wa tatu, na mwulize kwa maandishi kamisheni yake ni kiasi gani. Na iwapo umekwisha kutia saini kabla ya kuusoma ujumbe huu, tafuta leo katika mkataba kifungu kinachompa mteja siku za kutafakari. Katika nchi nyingi mteja wa bima ya maisha ana haki ya kuufuta mkataba ndani ya siku hizo na kurudishiwa mchango wake, pengine baada ya makato madogo. Andika barua ya kufuta, ipeleke ofisini kwao kwa mkono wako, na usiondoke mpaka wakupe nakala yenye muhuri na tarehe ya kupokelewa.