Kulala kwenye lori Arusha na Moshi bila kuacha injini ikiunguruma

Injini ya semi-trela ikiachwa inaunguruma mahali pamoja ili kuendesha kiyoyozi au hita hunywa lita 2 hadi 3 za dizeli kwa saa. Ukilala kwa muda wa saa 8 ni lita 16 hadi 24, na hapo lori halijasogea hata hatua moja. Nafuu hiyohiyo inapatikana kwa chandarua, feni ndogo na blanketi, mradi uanze na kuzuia joto au baridi isiingie. Mashine zije baadaye.

Miji hii miwili imepishana kilomita 80 tu, lakini shida zake hazifanani. Arusha iko karibu mita 1,400 juu ya usawa wa bahari. Juni hadi Agosti usiku hushuka hadi nyuzi 12 au 13, na ukilala Kisongo, pembezoni mwa Arusha, upepo unapita kila penye upenyo. Moshi iko chini ya hapo. Januari hadi Machi mchana huvuka nyuzi 30, na jua likizama mbu wanaanza zamu yao.

Huku kwetu jua la mchana linapiga karibu utosini, kwa hiyo paa ndilo linalopokea joto kuliko ubavu. Paa jeusi au jekundu lipigwe rangi nyeupe. Ukifungua kitambaa cha dari, bandika chini ya bati foili yenye vipovu, ile inayowekwa chini ya mabati ya nyumba na kuuzwa kwa mita. Usitumie sponji ya godoro: inanyonya jasho la bati, inakaa na maji, na paa linaanza kuoza kwa kutu bila wewe kuona. Kipande kingine cha foili kikate kwa kipimo cha kioo cha mbele. Mchana kifunike kwa nje, ukikibana na milango, maana joto likishapita kwenye kioo tayari limeingia. Usiku wa baridi kiweke kwa ndani.

Kwa Moshi, kitu cha kwanza kutengeneza ni soksi ya mlango. Chukua chandarua, mpelekee fundi cherehani akushonee mfuko wa kuvishwa sehemu ya juu ya mlango, wenye lastiki kwenye mdomo. Fungua mlango, vuta soksi kutoka juu hadi chini ya usawa wa kioo, funga mlango, kisha shusha kioo. Chandarua kinabaki kimevutika nje na ndani, mbu hana pa kupenya. Shona mbili, kwa sababu hewa isiyo na mlango wa kutokea haiingii. Kioo kishuke kidogo tu, mkono wa mwizi usipite.

Feni ya volti 24 yenye wati 20 inakula ampea zisizofika 1. Usiku mzima ni kama ampea-saa 7 (kipimo cha umeme unaotoka kwenye betri), na betri mbili nzima za volti 12, zilizoungwa pamoja kutoa 24, hazitatikisika. Ielekeze mwilini, si darini. Kama paa lina tundu, funga hapo feni ndogo ya kompyuta ya volti 24 ikivuta hewa nje. Hewa ya moto hupanda, na injini iliyo chini ya kabini huendelea kutoa joto kwa saa kadhaa baada ya kuzimwa. Februari, hewa ikiwa kavu, tundika kanga iliyoloweshwa na kukamuliwa mbele ya dirisha. Hewa inayopita inapoa kweli. Aprili mvua zikikolea haitasaidia kitu, itakuongezea unyevu tu.

Kiyoyozi cha paani cha volti 24 hula wati kama 800. Betri mbili za ampea-saa 180, ukizitumia nusu tu kama inavyotakiwa, zinakibeba kwa muda usiofika saa 3. Bila betri za ziada usikinunue.

Kosa linaloua betri nyingi ni kuchukua volti 12 za redio, chaji au feni kutoka kwenye betri moja kati ya mbili. Hiyo moja inashuka, nyingine inabaki imejaa. Asubuhi altaneta, mashine ya kuchaji betri, inaona jumla ya volti 28 tu: iliyojaa inachemka na kukausha maji, iliyoshuka haijai kamwe. Nunua kigeuzi cha volti 24 kwenda 12, na kila waya uwe na fyuzi karibu na betri. Mita ikisoma chini ya 24.4 vitu vikiwa vimezimwa, umeshatumia nusu. Zima kila kitu, ubakize nguvu ya stata, mota ya kuwasha injini.

Sasa baridi. Jiko la mkaa lisiingie kabini, hata kwa dakika kumi, hata kioo kikiwa wazi. Mkaa ulioshika vizuri, usio na moshi, ndio unaotoa hewa ya sumu isiyo na rangi wala harufu. Mtu anasinzia na haamki. Tafadhali mwambie na utingo wako.

Baridi kubwa hutoka chini ya godoro, kwa hiyo tandika foili na mkeka kabla ya kuongeza blanketi la pili juu. Mpira wa maji ya moto wa lita 2 ukiwekwa miguuni hukaa na joto hadi usiku wa manane. Usijaze maji yanayochemka kwenye chupa za maji ya dukani, hujikunja na kuvuja. Acha upenyo wa vidole viwili kwenye kioo, la sivyo vioo vitatoa jasho na nguo zitanuka ukungu.

Anayelala Arusha au Karatu mara kwa mara hita ya dizeli ya kilowati 2 inamfaa. Inatumia lita 1 hadi 1.5 kwa usiku. Bomba lake la moshi lipite sakafuni, litoke pembeni nje ya uvungu wa kabini likiinama kidogo ili maji yasituame, mbali na bomba la kuvuta hewa. Pampu ya mafuta ifungwe mdomo wa kutolea ukiangalia juu, vipovu vipande vyenyewe. Usiizime kwa kukata umeme: bonyeza swichi yake uiache ijipooze dakika kadhaa, vinginevyo inaungua ndani. Ikitoa moshi mweusi huku kwenye mwinuko, hewa ni nyembamba kuliko mafuta inayopewa; fundi apunguze mapigo ya pampu. Weka kengele ya kaboni monoksaidi karibu na kichwa cha kitanda. Kabla ya kuizima hita asubuhi iwashe kwa nguvu zote dakika 15 kuchoma masizi, na hata miezi ya joto iwashe mara moja kwa mwezi, mafuta yasigande kwenye mpira wake mwembamba wa mafuta.