Ebola: mnauliza popo, ulizeni sindano

Hapa Bukoba popo wamejaa kwenye mwembe wetu. Tuwaue kabla hawajatuletea Ebola?

Msiwaue. Popo wala matunda ndio wanaoshukiwa zaidi kuhifadhi virusi vya Ebola. Mwaka 2005 watafiti waliripoti kukuta vinasaba vya virusi hivyo katika aina tatu za popo wa Afrika ya Kati. Kwa ndugu yake Ebola, yaani Marburg, ushahidi umekamilika kabisa: virusi hai vilipatikana kwa popo wa mgodi wa Kitaka, magharibi mwa Uganda. Na Marburg ndiyo iliyoingia kwenu Kagera mwaka 2023, ikarudi 2025.

Sasa sikilizeni yaliyotokea Kitaka. Popo wa mgodi ule waliangamizwa mwaka 2008. Mwaka 2012 Marburg ikalipuka Ibanda, si mbali na hapo. Watafiti waliporudi mgodini walikuta popo wengine wamehamia, na kiwango cha wenye virusi kimezidi maradufu ya kile cha mwanzo. Kwa hiyo funikeni maji, msile tunda lililong'atwa, watoto wasiokote popo aliyekufa, na mwembe uacheni.

Ila nawaomba mtazame upande wa pili. Mlipuko wa Afrika Magharibi ulianza Desemba 2013 kwa mtoto mmoja wa kijiji cha Meliandou, Guinea. Ulipozimwa mwaka 2016, watu zaidi ya 28,600 walikuwa wameugua na zaidi ya 11,300 wamekufa. Karibu wote hao hawakuambukizwa na popo. Waliambukizana wakiuguzana, wakizikana na wakitibiwa.

Je, mbu anaambukiza Ebola?

Hapana.

Nilikaa kwenye basi na abiria aliyetoka Congo. Nikapime?

Alikuwa anaumwa? Kama hakuwa na dalili, hakukuambukiza. Virusi hukaa mwilini siku 2 hadi 21 kabla ya dalili, na katika muda huo mtu hamwambukizi mwenzake. Ebola hupita kwenye damu, matapishi, kinyesi, jasho na majimaji mengine ya mgonjwa au maiti, yakigusa jeraha, macho, pua au mdomo. Kumkwepa mtu kwa sababu ni Mkongo hakukukingi na chochote, tena kunamfanya afiche homa siku atakayougua kweli.

Nina zahanati ndogo Butembo. Mgonjwa wa homa akiingia nitajuaje kama ni malaria au Ebola?

Hutajua kwa macho, na hapa ndipo watu wanapokufa. Siku za mwanzo ni zilezile: homa, kichwa, viungo, uchovu, kisha kutapika na kuharisha. Ukingoje damu ndipo ushtuke, umechelewa, kwa sababu wagonjwa wengi hawatoki damu kabisa. Wala usitulizwe na kipimo cha malaria kilichosoma ndiyo. Mtu anaweza kuwa na vyote viwili.

Muulize kabla hujamgusa, ukiwa umbali wa mita 1 au 2: ndani ya siku 21 amezika? Ameuguza mtu? Ametibiwa wapi, na alichomwa sindano? Swali hilo la mwisho husahaulika, nalo ndilo zito kuliko yote. Yambuku, Congo, mwaka 1976, hospitali ya misheni ilikuwa ikitoa sindano tano kila asubuhi kwa kliniki yake ya wagonjwa wa nje, zikisuuzwa kwa maji ya uvuguvugu kati ya mgonjwa na mgonjwa. Watu 318 waliugua Ebola, 280 wakafa. Miaka 42 baadaye, kwenu Kivu Kaskazini, watoto wa Beni waliopelekwa kutibiwa malaria kwenye vituo vya tradimodern, yaani vinavyochanganya tiba ya kienyeji na ya kisasa, walitoka na Ebola. Dunia nzima ilikuwa ikizungumza habari za nyama ya porini.

Basi fanya hivi. Ukimshuku, mweke chumba peke yake chenye ndoo na choo chake. Mhudumu awe mmoja, mwenye jozi mbili za glovu, barakoa, miwani ya kinga, vazi la mwili, aproni na buti. Sindano usimchome, mpe ORS, na kwa homa paracetamol, si aspirini wala ibuprofen, maana hizo huzidisha kutoka damu. Toa taarifa saa hiyohiyo. Damu ikipimwa kabla ya saa 72 tangu dalili zianze na majibu yakawa hana, irudiwe baada ya saa hizo. Wapo walioruhusiwa nyumbani kwa jibu la haraka.

Na kuvua mavazi kuna hatari kuliko kuvaa. Mwenzako asimame pembeni akuelekeze hatua moja moja. Glovu za nje na aproni hutangulia, kisha vazi la mwili, miwani, barakoa, na glovu za ndani ziwe za mwisho. Safisha mikono baada ya kila kipande. Aliyechoka na mwenye jasho machoni hujipangusa uso bila kujijua, na hapo ndipo anapoambukizwa.

Klorini nichanganye kiasi gani?

Swali hili linakuja kila mara bila mtu kutaja nguvu ya dawa aliyonayo, na bila hiyo hakuna jibu. Soma kibandiko! Kwa sakafu, vitanda na vyombo unahitaji asilimia 0.5. Gawanya nguvu ya dawa kwa 0.5, kisha toa 1. Hivyo ndivyo vipimo vya maji kwa kipimo kimoja cha dawa. Dawa ya asilimia 3.5 inachukua maji mara 6, ya asilimia 5 mara 9. Klorini ya unga ya asilimia 70 ni gramu 7 kwa lita, yaani kama gramu 140 kwa ndoo ya lita 20. Changanya kila siku, kwenye ndoo ya plastiki, penye hewa, na usiiache juani.

Matapishi yakimwagika, yafunike kwa kitambaa, mwagia klorini juu yake, subiri dakika 15, ondoa, kisha osha na upake klorini tena. Usifagie, usipulizie. Klorini huishia kwenye uchafu, kwa hiyo sakafu isiyooshwa haijatakaswa hata ukiilowesha. Usichanganye na dawa ya choo yenye asidi. Inatoa gesi ya sumu. Mikono inatosha sabuni na maji yanayotiririka.

Sisi ni Waislamu wa Kigoma. Mzee akifa kwa Ebola, tutamzika bila josho?

Poleni kwa hofu hiyo, na ahsanteni kwa kuuliza mapema. Maiti ya Ebola ndiyo yenye virusi vingi kuliko mgonjwa yeyote, kwa hiyo josho la maji haliwezekani. Lakini utaratibu wa Shirika la Afya Duniani wa mazishi salama unaruhusu tayammam, yaani kutwaharisha kwa udongo badala ya maji, anayeifanya akiwa na mavazi ya kinga, na mfuko mweupe kuhesabiwa sanda. Familia inachagua kaburi, inashuhudia, inaswali. Timu ikiwanyima hayo, daini haki yenu, ila msimfungue marehemu. Mwaka 2014, Sierra Leone, mazishi ya mganga mmoja wa kienyeji yalihusishwa na vifo vinavyofikia 365.

Maji ya chumvi yanazuia?

Nigeria, 2014, watu wasiopungua wawili walikufa kwa kunywa maji ya chumvi. Msiniulize tena.

Kwa nini Uganda hawakuchanjwa 2022, wakati chanjo ipo?

Chanjo ya Ervebo inakinga Ebola ya aina ya Zaire. Ya Mubende, Uganda, mwaka huo ilikuwa aina ya Sudan, na kwa hiyo haisaidii. Kampala ilipopata aina hiyohiyo Januari 2025, jaribio la chanjo nyingine, lililoitwa Tokomeza, lilianza siku 4 baada ya tangazo. Kwa hiyo mlipuko ukitangazwa, ulizeni kwanza ni aina gani.

Mume wangu amepona. Naweza kulala naye?

Lala naye chumba kimoja, kula naye, mkumbatie. Tendo la ndoa liwe kwa kondomu, kwa sababu virusi hubaki kwenye shahawa miezi mingi baada ya damu kuwa safi. Shahawa zipimwe kila mwezi kuanzia mwezi wa tatu tangu augue, mpaka majibu mawili yawe safi. Pasipo na kipimo, kondomu kwa miezi 12. Kama kondomu ilipasuka, piga simu usingoje homa: Tanzania 199, Kenya 719.