Uliza Fundi wa Pikipiki: Chombo cha kazini kitakachofika na Makunduchi

Suala, kutoka Fuoni: Kazi yangu iko Malindi, mjini Unguja, nakwenda na kurudi kila siku. Kila baada ya wiki mbili nampeleka mke wangu kwao Makunduchi, na mwakani nina nia ya kuvuka na chombo niende Tanga kwa barabara. Nataka kimoja kitakachofanya yote hayo, ila sitaki kifanane na bodaboda zote za mji. Nimeonyeshwa vespa PX 150 ya zamani, Boxer 150, Honda XR150L na Royal Enfield Classic 350. Nichukue ipi?

Jibu: Tuanze na njia. Fuoni mpaka Malindi ni kilomita chache za foleni, kazi yake ni kushika klachi na kuachia. Makunduchi ni kilomita sitini na ushei za lami. Unguja yenyewe, kaskazini mpaka kusini, ni kiasi cha kilomita 85, kwa hiyo hakuna safari ya ndani ya kisiwa inayoishinda injini nzima ya cc 125, hata ukiwa na abiria. Penye kazi ni Tanga. Kutoka Dar kwa njia ya Chalinze na Segera ni kiasi cha kilomita 350, na huko mabasi na malori yanakupita kwa upepo unaoyumbisha chombo chepesi. Lakini Tanga utakwenda mara moja kwa mwaka, na Darajani, penye foleni ya mjini, utapita kila siku ya kazi. Nunua chombo cha Darajani, kisha ndipo uulize kama Tanga kitafika.

Kwa hesabu hiyo, sisi tungechukua XR150L. Rimu ya mbele ni ya inchi 19, na shimo lililojificha chini ya maji ya masika haliitii mshtuko kama inavyotiwa rimu ya 17. Injini inapozwa kwa hewa, haina rejeta ya kuziba wala kuvuja. Tangi ni la lita 12: hata ukila lita moja kwa kilomita 35, una kilomita 400 kabla ya kutafuta kituo. Ubaya wake ni siti, ambayo ni nyembamba na iko juu, kiasi cha sentimita 82 kutoka chini. Mpandishe mke wako dukani kabla hujalipa. Akishuka analalamika kiuno baada ya kuzunguka mtaa, Makunduchi hamtafika kwa amani. Fundi wa siti anaweza kuongeza sponji ngumu upande wa abiria, na hiyo ni kazi ya siku moja.

Boxer haina ila ya maana. Vipuri vyake vinapatikana mpaka shamba, na fundi yeyote anaifungua bila kuuliza. Ikiwa kinachokukera ni kufanana na wengine, badilisha siti, toa stika, paka tangi rangi moja iliyotulia, weka taa ya duara. Usikate madigadi ya nyuma kwa ajili ya sura. Wanaokata wanajulikana kwa mstari wa tope mgongoni.

Classic 350 ina haiba kuliko zote ulizotaja, na mlio wake si wa kuigwa. Lakini ina kilo 195. Lami haina neno. Mchangani, ukishakosea mguu, huizuii. Kabla ya kuinunua nenda na orodha ya vitu vitano kwa muuza vipuri: filta ya oili, pedi za breki, kebo ya klachi, cheni na sproketi zake, tairi la nyuma. Vitatu vikikosekana kisiwani, chombo hicho kitalala uani kikisubiri mzigo kutoka bara. Vespa tunaijibu chini, kwa sababu mwenzako ameshaiuliza.

Chochote utakachochukua chenye klachi ndani ya oili, na pikipiki hizo tatu zote ziko hivyo, tia oili yenye alama ya JASO MA kwenye kopo. Oili nyingi za gari zimetiwa dawa ya kupunguza msuguano, na klachi inaishi kwa msuguano. Dalili yake utaiona kwenye mwinuko: injini inapiga kelele, kasi haiongezeki.

Kwa Tanga, badilisha sproketi ndogo ya mbele tu, ongeza jino moja. Kama ilikuwa na 14, weka 15. Mizunguko ya injini inapungua kama asilimia 7 kwa kasi ileile, na mtetemo mikononi unapungua nao. Ukirudi, rudisha ya zamani, la sivyo foleni ya Darajani itakulia klachi. Mzigo mzito ukae karibu na mgongo wako, si mwisho wa kariya. Ukiwekwa nyuma ya ekseli, tairi la mbele linakuwa jepesi na usukani unaanza kucheza ukifika kilomita 70 kwa saa.

Melini, funga bomba la petroli kama chombo kina kabureta, kiache kwenye gia ya kwanza na stendi ya pembeni, na kamba zipite kwenye uma wa mbele, chini ya usukani. Kamba iliyofungwa kwenye usukani wenyewe inaupinda bahari ikichafuka. Habari ya karatasi za chombo chenye namba za Zanzibar kwenda bara, kaulize kwa watu wa mapato kabla ya kukata tiketi, si ukiwa bandarini na foleni nyuma yako.

Suala, kutoka Mtoni: Vespa yangu PX 150 mjini haina tabu. Nikienda Nungwi, nikishapita Kinyasini inazima. Nikikaa kama robo saa inawaka tena. Fundi mmoja anasema pistoni, mwengine anasema koili. Nani mkweli?

Jibu: Hujatuambia jambo moja, nalo ndilo linaloamua: ilipozima, gurudumu la nyuma lilifunga au chombo kiliendelea kuserereka?

Kama kiliserereka tu, anza na kilicho rahisi. Siku ikizima, fungua kifuniko cha tangi hapohapo. Ukisikia kinavuta hewa na chombo kikawaka, tundu la hewa la kifuniko limeziba. Tangi linajinyonga na petroli haishuki. Kama si hilo, toa plagi, ichomeke kwenye kofia yake, igusishe chuma cha injini, upige kiki. Cheche hakuna wakati injini iko moto, halafu ipo ikishapoa: hapo wa koili ana haki.

Kama gurudumu lilifunga, hata kwa sekunde moja, basi ni pistoni inayokamata, na usiendelee kuiendesha hivyo. Vespa hiyo ni ya mipigo miwili. Pistoni haina oili nyengine ila ile iliyokuja na petroli. Mchanganyiko ni asilimia 2, yaani mililita 100 za oili ya mipigo miwili kwa lita 5 za petroli. Kipimo kiwe cha chupa yenye alama, si cha kifuniko. Na kutia oili nyingi "kwa usalama" hakusaidii kama unavyodhani: oili ikizidi, petroli inayopita kwenye jeti inapungua, injini inaungua kavu na kuzidi moto.

Baada ya oili tafuta hewa inayoingia kwa mlango wa nyuma. Penye kuvuja ni gasketi ya chini ya kabureta, gasketi ya chini ya silinda, na sili ya krenki upande wa feni. Hii ya mwisho ndiyo inayosahauliwa, kwa kuwa haionekani mpaka feni itolewe. Dalili zake: ukiachia mafuta injini inakawia kushuka mizunguko, na plagi inatoka nyeupe badala ya rangi ya hudhurungi. Sili yenyewe ni bei ndogo, kazi ndiyo kubwa.

Kisha angalia upoaji. Vespa haipozwi na upepo wa mwendo, inapozwa na feni inayosukuma hewa kupitia bati lililofunika silinda. Bati hilo wengine hulitoa ili plagi ifikike kwa urahisi, halafu wanashangaa injini kuchemka. Lirudishe na skrubu zake zote, na futa mchanga ulioganda na oili kwenye mapezi ya silinda.

Mwisho ni mkono wako. Mtu anakwenda kasi, anaona mteremko, anafunga mafuta kabisa na gia imo. Injini inazunguka kwa nguvu bila petroli, maana yake bila oili. Kwenye mteremko mrefu shika klachi, au gusa mafuta kidogo kidogo. Na ukisikia sauti imebadilika, imekuwa nzito na nguvu inakatika, shika klachi papo hapo kabla hujaangalia kitu chengine chochote.

Upepo wa tairi za PX, kwa psi: mbele 18, nyuma 26 ukiwa peke yako, 36 ukiwa na abiria. Spea unayo, na inaingia mbele na nyuma. Ukibadilisha tyubu, toa upepo wote kabla ya kulegeza nati zinazoshikanisha nusu mbili za rimu. Rimu iliyofunguliwa na upepo ndani inaruka usoni.

Ikishatengenezwa hivyo, Nungwi itakwenda na kurudi. Tanga hatuishauri.

Suala, kutoka Wete: Mimi ni mwalimu, nasomesha skuli upande wa Konde. Nataka chombo changu mwenyewe, lakini nahofia baibui na cheni. Tena kwetu ni milima. Skuta itapanda?

Jibu: Hofu yako ni ya haki, Mwalimu, na dawa yake iko kwenye umbo la chombo kabla ya kufika kwenye nguo. Skuta haina cheni. Mkanda wake uko ndani ya boksi, na miguu inakaa mbele juu ya ubao. Vilima vya Pemba skuta ya cc 125 inavipanda ukiwa peke yako au na mtoto. Hizo za 50 ziache. Kasoro ni mbili. Kushuka, injini yake haikushikilii kama pikipiki ya gia, kwa hiyo breki za nyuma zinaliwa upesi. Kagua kiatu cha breki kabla hakijafika chuma. Na boksi la mkanda likiingia mchanga, mkanda unateleza: chombo kinanguruma bila kupanda. Lifunguliwe na kupulizwa angalau mara moja kwa mwaka.

Njia ya pili ni Honda ya aina ya C90, ukiipata ambayo haijachokozwa. Unapita katikati bila kurusha mguu, gia ni za mguu bila klachi ya mkono, na cheni imefunikwa pande zote kwa boksi la chuma. Hicho nacho kina haiba, na kila mzee wa mtaa atakusimamisha akuulize unaiuza lini.

Ukipakiwa kwenye pikipiki ya kawaida, hasa ukikaa upande, angalia kinga ya nguo: ule wavu wa chuma kando ya gurudumu la nyuma, kushoto, unaokuja na pikipiki nyingi za Kihindi. Vijana huung'oa wakidhani ni pambo. Usipande palipotolewa, na vyovyote iwavyo kusanya pindo la baibui ulikalie.

Suala, kutoka Jambiani: Kazini kwangu ni kilomita tatu. Pikipiki ina mwaka mmoja tu, spoku zimeshapata kutu, na kifuniko cha oili kina kitu cheupe kama maziwa ya nazi. Injini imekufa?

Jibu: Haijafa. Kilomita tatu hazitoshi kuchemsha oili, kwa hiyo unyevu unaoganda ndani ya injini haupati joto la kuukausha, unachanganyika na oili na kupanda kwenye kifuniko. Mwaga oili, tia mpya, kisha mara moja kwa wiki ipeleke mbali, mpaka Makunduchi na kurudi, bila kusimama. Na kwa safari fupi kama zako badilisha oili kwa miezi, kila mitatu, hata kama kilomita hazijafika.

Kutu ya spoku inaanzia kwenye kichwa, pale inapoingia rimu, kwa kuwa chumvi inakaa hapo. Wakati wa kusi upepo wa bahari unapiga moja kwa moja upande wenu, basi suuza kwa maji baridi ya mferejini kila baada ya siku mbili tatu. Tumia ndoo na sifongo. Pampu ya kuoshea magari inasukuma chumvi ndani ya beringi. Kikikauka, pitisha kitambaa chenye oili kwenye spoku, na cheni itiwe oili yake ikiwa bado ina joto la safari. Iache ilegee milimita 20 hadi 30 katikati, au kama kitabu chake kinavyosema. Kwenye vichwa vya betri paka vaselini. Pini za kaliba ya breki ya diski zitolewe na kupakwa grisi maalumu ya breki mara moja kwa mwaka, maana zikiganda pedi inaisha upande mmoja na fundi atakuuzia diski usiyoihitaji.

Suala, kutoka Mwanakwerekwe: Nikienda kuangalia iliyotumika, niangalie nini?

Jibu: Gusa injini kwanza. Ikiwa ina joto, muuzaji ameiwasha kabla hujafika. Mwambie utarudi kesho asubuhi. Pikipiki ya mipigo minne ikitoa moshi wa buluu, inakula oili. Inyanyue mbele, geuza usukani taratibu: ukikwama kidogo katikati, beringi za shingo zimekwisha. Tikisa gurudumu la nyuma kushoto na kulia, ukisikia mlio ni bushi za mkono wa nyuma, ule unaoshika gurudumu. Meno ya sproketi yaliyolala kama ndoana yanadai seti nzima pamoja na cheni. Toa siti, chokoa fremu kwa bisibisi chini ya betri. Rangi mpya hapo peke yake ni ya kutilia shaka. Soma namba ya fremu kwa macho yako na uilinganishe na kadi, tarakimu moja moja. Zile zilizokuwa zikikodishwa pwani zina kilomita chache na bei nzuri, ila zimeoshwa kwa chumvi kila siku, kwa hiyo toa kwenye bei gharama ya beringi za magurudumu yote mawili kabla ya kuanza kupatana.