Safaya au tanzanaiti? Barua kwa mwanangu

Mwanangu,

Swali lako la juzi nimelala nalo: pete ya mchumba wako iwe ya tanzanaiti au safaya? Mvishe safaya. Tanzanaiti ni yetu, haichimbwi kokote ila Mirerani, na naipenda. Lakini ugumu wake kwa kipimo cha Mohs, kinachopima ugumu wa mawe kutoka 1 hadi 10, ni 6 na nusu hivi, na vumbi la nyumbani lina chembe za mchanga zenye 7. Kwenye herini sawa. Kwenye mkono unaosugua masufuria, kingo zitapauka. Safaya ni 9. Juu yake kuna almasi tu.

Wazee waliliita jiwe la safaya yakuti, jina moja kwa la buluu na jekundu, na hawakukosea: yote ni oksidi ya alumini. Chuma na titani vikiingia kidogo, linakuwa buluu. Kromi ikiingia, linakuwa jekundu, ndiyo rubi. Buluu watu huihusisha na uaminifu. Diana wa Uingereza alivishwa ya karati 12 mwaka 1981, na mwanawe akamvisha Catherine pete hiyohiyo. Ndoa ile ya kwanza unajua ilikoishia, kwa hiyo uaminifu msiliachie jiwe.

Dalali wako anasema jiwe lake halijachomwa, yaani halikutiwa motoni kuboresha rangi, ndiyo maana ghali. Ni kweli, lisilochomwa likiwa na rangi nzuri hupanda bei sana. Ila mengi ya sokoni yamepita motoni, na rangi hiyo haitoki. Mimi ningechukua la hivyo bila kuona haya, mradi bei iwe ya lililochomwa. Aking'ang'ania lake, alete cheti cha maabara.

Miaka ya tisini, Wathai na Wasri Lanka walipojaa Tunduru kununua mawe, nilitoa pesa ya korosho ya msimu mzima kwa jiwe moja lililokwisha kukatwa. Buluu, halina hata doa. Nilipolitia kwenye lenzi ya mara 10, nikaona mistari imepinda kama ya sahani ya santuri. La kiwandani! Mistari ya rangi ya jiwe la asili la mto Muhuwesi, hukohuko Tunduru, hunyooka na kukutana kwa pembe, na mara nyingi ndani mna nyuzi kama hariri. Tangu siku ile, jiwe safi kupindukia hunitia wasiwasi.

Litazame nje mchana, kisha ndani kwa taa ya usiku. Mawe ya bonde la Umba, kule Tanga, mengine hugeuka kutoka buluu kuwa zambarau, na bibi harusi asije akashtuka.

Mama yako anauliza kipimo cha kidole.

Baba yako