Jibu: Mama ana kipandikizi cha sikio, ukumbini haelewi maneno

Ndugu, umeuliza kwa nini mama yako, mwenye kipandikizi cha sikio (kifaa cha kusikia kinachowekwa kwa upasuaji), nyumbani anaelewa lakini harusini anapotea hata akiongeza sauti ya kifaa. Kuongeza sauti kunapandisha kelele na maneno pamoja, haisaidii. Kipandikizi kina elektrodi (ncha ndogo zinazopeleka umeme kwenye neva ya kusikia) 12 hadi 22 tu, hivyo ubongo unapata machache ya kuchambua.

Mkalishe spika zikiwa mgongoni kwake, nawe mbele yake, karibu: umbali ukipungua nusu, sauti yako hupanda kama desibeli 6 (ukumbi wenye mwangwi, chini ya hapo). Bora zaidi ni maikrofoni ya mbali, inayorusha sauti yako bila waya hadi kwenye kifaa chake; ibane kifuani pako, sentimita 15 hadi 20 chini ya mdomo, isisuguane na mtandio.

Kagua pia vitundu vya maikrofoni kwenye kifaa chake. Kimoja kikiziba kwa vumbi au jasho, kifaa hakitofautishi tena mbele na nyuma.